Ati Feki?

Kuna kinyozi karibu na steji yetu ambapo foleni ya Jumamosi huwa ndefu kuliko ya benki, kwa hivyo watu huishia kuonyeshana simu. Jumamosi moja nilimwonyesha jamaa aliyeketi kando yangu video ya gari: rangi ya buluu, mistari miwili myeupe kutoka puani hadi mkiani, na nyuma limekatwa ghafla kama mkate wa jana. Linapiga kona kwenye uwanja wa mbio, dereva amevaa helmeti. Halafu, video ileile, limesimama kwenye taa za barabarani kati ya magari ya watu wanaotoka supamaketi, lina namba za usajili, na dereva amevua helmeti anakula kitu. Jamaa akatazama mara mbili. Akauliza bei. Kisha akasoma maelezo ya chini, akaona neno replika, akanirudishia simu kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Ah buda, kumbe ni feki. Kama hizi Jordan zangu."

Tulicheka. Lakini neno lilinifuata hadi nyumbani, na ndilo limenikalisha kuandika. Nadhani jamaa alikosea, na kosa lenyewe si la magari pekee.

Gari lile linaitwa Shelby Daytona Coupe. Coupe ni gari la milango miwili lenye paa linaloteremka kwenda nyuma. Nikiliandika kwa tahajia yetu litasomeka kupe, na sitaki kuingiza ng'ombe wa mtu kwenye hii maneno. Yalijengwa sita tu, kati ya 1964 na 1965. Moja liliuzwa kwa mnada Marekani mwaka 2009 kwa zaidi ya dola milioni 7. Kwa hivyo ukiliona likipiga kona kwa hasira na mwenyewe hana mlinzi, karibu hakika ni replika. Kuna njia mbili maarufu za kulipata. Unaweza kuagiza vipande kutoka Factory Five, kampuni ya Massachusetts, ambao huliita Type 65 Coupe. Wanakutumia chasi ya mabomba, bodi ya faiba, mabati ya alumini ya kupiga riveti, na wewe unatafuta injini, giaboksi na vinginevyo, ambavyo kwa miaka mingi watu walivitoa kwenye Ford Mustang kuukuu. Unajenga mwenyewe gereji kwako, miezi, mara nyingi miaka. Ama unanunua la Superformance, ambalo bodi na chasi yake hujengwa Port Elizabeth, mji ambao siku hizi unaitwa Gqeberha. Ndiyo, Afrika Kusini. Nitarudi hapo.

Kwanza tuulize: hilo la asili lilikuwa la asili kivipi?

Carroll Shelby alikuwa Mtexas, mfuga kuku aliyefilisika, kisha dereva aliyeshinda Le Mans mwaka 1959, kisha mgonjwa wa moyo aliyelazimika kuacha mbio. Mwaka 1962 alichukua gari dogo la wazi kutoka kampuni ya Kiingereza iitwayo AC, akalipachika injini ya Ford ya silinda 8, akaliita Cobra. Lilikuwa moto kwenye viwanja vifupi. Lakini Le Mans, Ufaransa, kulikuwa na barabara iliyonyooka karibu kilomita 6, na gari la wazi kwenye mwendo huo hupigana na upepo hadi linachoka. Ferrari walikuwa na 250 GTO yenye paa. Waliwapita Cobra pale kama basi la Kisumu linavyopita trekta.

Ndipo akaingia Peter Brock. Miaka 27. Chuo cha usanifu alikiacha kabla ya kumaliza, na akiwa na 19 alikuwa tayari ameajiriwa na General Motors. Aliwahi kusoma karatasi za Wajerumani za miaka ya 1930, utafiti wa Wunibald Kamm na wenzake, zinazosema kwamba gari halihitaji mkia mrefu wa samaki ili kukata upepo. Literemshe paa taratibu, kisha ulikate nyuma ghafla, upepo utajipanga wenyewe. Kwenye karakana ya Shelby kule Venice, California, wenzake kadhaa walimcheka. Mtaalamu wa upepo wa ndege aliyeitwa kutoa maoni alisema mkia ni mfupi mno. Brock akaendelea. Wakachukua chasi, wakaisimikia mbao za kuonyesha umbo, dereva Ken Miles akaketishwa kitini ili wajue kioo cha mbele kikae wapi, na alumini ikagongwa kufuata mbao. Februari 1964 Miles alilipeleka uwanja wa Riverside na akazunguka haraka kuliko Cobra yoyote ya wazi iliyowahi kufika pale.

Pesa na nafasi havikutosha kujenga mengine nyumbani. Kwa hivyo chasi tano zilizobaki zilipelekwa Italia, Modena, kwenye karakana ya bodi iliyoitwa Gransport. Modena! Mji aliozaliwa Enzo Ferrari, dakika chache kutoka kiwandani kwake. Ni kama Gor Mahia washonewe jezi na mashabiki wa Ingwe.

Hebu hesabu na mimi. Chasi ya Mwingereza. Injini ya Ford, kimsingi ya gari la familia. Umbo la kijana wa California lililotokana na karatasi za Wajerumani. Bodi imegongwa na Mwitaliano. Na kwenye vitabu vya FIA, ambapo gari la daraja la GT lilitakiwa liwe limejengwa 100, hili lilikimbia kwa karatasi za Cobra ya wazi, eti ni gari lilelile ila limebadilishwa bodi. Usidhani Ferrari walikuwa malaika. GTO zilizojengwa zilikuwa 36 kwa hesabu ya kawaida, nazo ziliingia mbioni kwa madai hayohayo, kwamba ni toleo jingine la 250 GT ya zamani. Magari mawili yanayoabudiwa zaidi katika historia ya mbio za GT yote yaliingia kwa mlango wa nyuma.

Na yalishindana vizuri sana. Juni 1964 Dan Gurney na Bob Bondurant walimaliza Le Mans nafasi ya 4 kwa jumla na ya kwanza katika GT, mbele ya GTO. Wakati huo huko Spa, Phil Hill alikuwa ameshalalamika kwamba nyuma ya gari inaelea kwenye mwendo mkali, wakapachika kibati kidogo juu ya mkia na tatizo likatulia. Tarehe 4 Julai 1965, kule Reims, wakafunga ubingwa. Kibati! Chombo kilichobadilishwa uwanjani baada ya dereva kunung'unika. Leo mtu anayejenga replika akiweka kibati hichohicho ataambiwa ameiga, na akikiacha ataambiwa si sahihi.

Sasa angalia kilichotokea baadaye. La kwanza kati ya yale sita, lenye namba CSX2287, lilipitia mikono kadhaa kisha likakaa kwenye ghala California miongo mitatu hivi, halifanyi lolote. Siku hizi liko jumba la makumbusho Philadelphia, na mwaka 2014 likawa gari la kwanza kuandikwa katika rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria Marekani. Kwa haki, makumbusho hayo huyawasha magari yao na kuyazungusha siku maalumu. Lakini hakuna mtu atakayelipeleka lile kwenye kona hadi tairi zilie. Haiwezekani. Likigonga ukuta, kitakachovunjika ni urithi wa taifa. Upande wa Ferrari ni zaidi: GTO moja ilipigwa mnada 2018 kwa dola milioni 48.4, na mwaka uliofuata mahakama ya Bologna ikaamua kwamba umbo la GTO ni kazi ya sanaa, kwa hivyo kampuni nyingine iliyotaka kujenga la kufanana ikazuiwa. Gari lililoingia mbioni kwa udanganyifu wa hesabu sasa linalindwa na korti lisiigwe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nimezoea kuulizwa karatasi kabla ya kuulizwa kazi. Labda ndiyo maana hasira yangu iko karibu. Neno "orijino" kwenye mazungumzo haya halielezi namna gari lilivyojengwa, wala linavyokwenda, wala anayeliendesha. Linaeleza karatasi. Namba kwenye chasi, majina ya wenye mali, risiti. Ukiondoa zile karatasi, nani atatofautisha kwa macho? Brock mwenyewe, mtu aliyechora lile la 1964, ndiye aliyechora umbo la coupe ya Superformance, akirekebisha mambo ambayo ujana, haraka na ukosefu wa pesa vilimnyima. Mfumo wa kusimamia tairi ulisanifiwa na Bob Negstad, aliyefanya kazi kwenye Ford GT za miaka ya 60. Sasa niambie, mchoraji yuleyule akirudia mchoro wake vizuri zaidi, feki ni ipi?

Kuna wapinzani wengine, na hawa wanajua magari. Wanasema: sawa, replika si dhambi, lakini chagua moja. Gari la uwanja ama gari la barabara. Ukitaka yote mawili utapata gari baya mara mbili.

Hoja hii naiheshimu, kwa sababu ina spana mkononi. Chukua breki. Padi za mbio zinashika zikiwa zimepata moto. Zikiwa baridi, asubuhi unatoka kwa geti, unakanyaga na gari linakutazama tu. Padi za barabara zinashika mara moja, lakini baada ya mizunguko michache ya uwanjani zinaungua na maji ya breki yanachemka, na pedali inaenda hadi sakafuni. Unaweza kuweka maji ya breki yanayostahimili joto zaidi, ila hayo hunyonya unyevu hewani, kwa hivyo uyabadilishe mara kwa mara. Chukua injini. Kona ndefu yenye tairi zinazonata huisukuma oili upande mmoja wa sampu, pampu inanyonya hewa, na beringi zinakufa kabla hujasikia kelele. Lazima uchomelee vizuizi ndani ya sampu. Chukua springi: ngumu za uwanjani zitakutoa meno kwenye bampu ya kwanza. Halafu joto. Magari ya 1964 yalijulikana kwa kuwachoma madereva, injini kubwa mbele, mabomba ya ekzosi pembeni, na paa limefungia hewa yote ndani. Anayejenga leo hutumia wikendi nzima kupanga matundu ya hewa na kuzibia joto la ukuta wa injini.

Kubwa kuliko yote ni keji. Uwanjani, mabomba ya chuma juu ya kichwa chako ndiyo yatakayokuokoa gari likipinduka, maana umevaa helmeti. Barabarani huna helmeti. Mtu akikugonga ubavuni kwa mwendo mdogo tu, bomba lilelile linaweza kukupasua kichwa. Hapa hakuna porojo. Unalipeleka bomba kuu nyuma ya kiti, mbali na kichwa, unafunika kila kilicho karibu kwa povu gumu, na vile vya mlangoni unavifanya vya kufunguliwa. Asiyekubali kufanya hayo asijenge la kazi mbili, na hapo nakubaliana na wapinzani kabisa.

Lakini tazama orodha hiyo tena. Kila tatizo lina jibu, na kila jibu ni kazi ya mikono: seti mbili za padi, seti mbili za tairi, shoki za kurekebishika, sampu iliyochomelewa. Anayefanya hivyo analijua gari lake kuliko mnunuzi yeyote wa gari jipya. Na wazo la gari moja kwa kazi zote mbili si uvumbuzi wa wajenzi wa wikendi. Ndiyo maana halisi ya GT: gari la barabarani linaloshindana. Magari yaliyojaa Naivasha wakati wa Safari Rally yana namba za usajili na hupita barabara za umma kati ya hatua moja na nyingine, yakifuata sheria za trafiki kama Probox ya miraa inavyopaswa kufuata. Mwaka uleule wa Reims, 1965, Joginder Singh alishinda Safari na Volvo iliyokuwa imeshakimbizwa na wengine kabla yake. Gari la mitumba, fundi nyuma ya usukani. Hatukumwambia ushindi wake ni feki.

Sasa nirudi kwa jamaa wa kinyozi, kwa sababu kuna jambo sijasema. Tulipomaliza kucheka nilimuuliza anafanya kazi gani. Anachomelea bodi za matatu, Industrial Area.

Manze, nilikosa la kusema.

Kama hujawahi kuona kazi hiyo, iko hivi. Isuzu inaletwa ikiwa chasi: injini, usukani, tairi, na juu yake hewa tupu. Karakana inasimamisha mbavu za mabomba ya mraba, inavisha mabati, inagonga kona, inatengeneza uso na mkia kwa faiba, inaweka viti, vioo, taa, skrini, spika, kisha anakuja msanii wa kuchora. Wiki kadhaa baadaye nganya inatoka na vijana wanakimbia nayo mtaani wakipiga picha. Hicho ndicho Gransport walichofanya Modena mwaka 1964. Hicho hasa. Chasi ya mgeni, mbavu, bati, nyundo, jicho. Tofauti ni kwamba Waitaliano wana neno la heshima kwa karakana kama hiyo, carrozzeria, na watu hulitamka polepole kama la misa. Sisi wetu tunawaita jua kali, na jamaa wa jua kali mwenyewe, mwenye makovu ya cheche mikononi, anaona gari lililojengwa kwa mikono na anasema feki.

Hapo ndipo linaponiuma. Hakujifunza hilo neno kwake. Amelifunzwa na nchi ambayo gari la kweli ni lile linaloshuka melini Mombasa, na likishaguswa na fundi wa hapa linapungua thamani. Serikali ilipotaka gari la Kenya ilitoa amri: mwaka 1986 Rais Moi aliwaagiza Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikazinduliwa kwa shangwe Kasarani. Zilijengwa tano za majaribio. Zikaishia hapo. Wakati huohuo, bila amri wala hotuba, watu wa bodi za matatu waliendelea kujenga, na bado wanajenga. Ni kiwanda kikubwa cha magari tulicho nacho na hatukiiti hivyo kwa sababu hakina wimbo wa taifa.

Port Elizabeth hawakuwa na historia ya Le Mans. Walikuwa na mji wa viwanda vya magari, wachomeleaji, wapaka rangi, na mtu aliyeamua kwamba gari la michezo linaweza kujengwa pale na kuuzwa Marekani. Filamu ya mwaka 2019 kuhusu Ford, Ferrari na Le Mans ilipohitaji GT40 za kukimbizwa mbele ya kamera, zilizotumika ni pamoja na replika za Superformance. Ulipozitazama ukiwa umeshika popkoni, ulikuwa unatazama kazi ya Waafrika. Mbona hukusema feki?

Kuna suala la sheria, na sitalimaliza leo. Uingereza ukijenga gari moja kwako, kuna ukaguzi wa gari mojamoja, tangu 2009 unaitwa IVA. Mkaguzi anaangalia breki, taa, vioo, ncha kali, usukani. Likipita linasajiliwa, na kama umri wake haujulikani linapewa namba inayoanza na Q. Naipenda hiyo Q. Ni serikali inayosema wazi: hatujui hili gari ni la lini, lakini breki zake zinashika. Marekani, sheria ya 2015, ambayo kanuni zake zilikamilika 2021, inaruhusu kampuni ndogo kuuza replika hadi 325 kwa mwaka. Kenya, sheria tunayoijua kwa moyo ni ya uagizaji: gari lisizidi miaka 8, usukani uwe kulia. Imeandikwa kwa mnunuzi. Mjenzi wa gari moja anahitaji mlango wake: siku ya ukaguzi, orodha ya vipimo iliyobandikwa ukutani, ada inayojulikana, na mkaguzi anayelala chini ya gari na tochi badala ya kuuliza logibuku iko wapi. Na akiona keji isiyofunikwa povu, alifelishe.

Sitaki mtu adhani ninauza ndoto rahisi. Mimi napanda matatu. Type 65 hata bila injini ni pesa ambayo wengi wetu hatutaishika kwa pamoja, na ushuru haujaongezwa. Lakini hakuna kinacholazimu iwe Daytona. Umbo la Brock lilikuwa jibu la swali la barabara ya kilomita 6 ya Wafaransa. Chasi ya mabomba, injini ya Subaru iliyotolewa kwa gari lililopinduka, bodi ya faiba iliyofinyangwa hapa, nyuma imekatwa ghafla kwa sababu fizikia ya Kamm haihitaji pasipoti: kila kipande cha hicho kazi yake inafanywa Nairobi wiki hii.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta tena kwa kinyozi. Nilimweleza kuhusu Modena. Alinyamaza, kisha akaitisha simu, akasimamisha video pale gari linapogeuka ubavu, akalikuza kwa vidole viwili.

"Hii mkia ni faiba?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na ikipasuka kwa reli wanafanyaje, wanachomelea?"

Haichomelewi, nikamwambia. Unasugua, unaweka kitambaa cha glasi na resini, unangoja ikauke.

"Najua mtu Kariobangi anafanya hiyo," akasema. "Hutengeneza bampa za nganya. Lakini hiyo mbavu ya mlango wameiweka vibaya. Ningeileta chini kidogo."

Kiti kikawa wazi, akaenda kunyolewa na simu yangu bado mkononi.